Wimbi Hili Hili

Kama kuna siku niliyowahi kumuomba Mungu gari la mtu lipate pancha, ni Jumamosi ile. Niliomba tairi moja tu, sina roho mbaya ya kuomba mbili. Lakini saa saba na nusu mchana gari jeupe la Method liliacha lami ya Lamadi, likashuka taratibu kwenye njia ya mchanga mpaka mbele ya banda la kina Josia pale ziwani, tairi zote nne zimejaa kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka baba yangu, Mzee Machibya wa Sola, amevaa koti la kanisani. Nyuma akashuka dada yake, Shangazi Anyesi, ambaye baba haamini jambo lolote duniani mpaka yeye aseme amelisikia. Mwisho akashuka Method mwenyewe. Alitazama mchanga, akatazama viatu vyake vyenye ncha, akachagua jiwe moja na kusimama hapo hapo kama kuku anayeogopa umande.

"Huyo ndiye mchumba wako?" Josia akaninong'oneza.

"Ni wa kwanza kwenye orodha ya baba. Kwenye orodha yangu hayupo."

"Na mimi?"

"Wewe bado uko kwenye majaribio."

Akacheka. Josia akicheka, lile jino lake la pembeni lililomeguka kidogo linachungulia, na mimi nasahau hata hiyo orodha ya baba. Ndiyo maana huwa namchekesha kwa vipimo.

Method anafanya kazi ofisini, Bariadi mjini. Ana nyumba ya bati jipya na shati kwa kila siku ya wiki. Alipokuja nyumbani kuniposa aliahidi kutufungia umeme wa jua. "Nitaleta sola Sola," akasema, akacheka. Kata yetu inaitwa Sola, kwa hiyo aliona ni mzaha mkubwa sana. Akaurudia mara saba. Baba akacheka mara zote saba, na hapo ndipo nilipojua kuwa ndoa iko karibu.

Josia yeye ni mtoto wa wavuvi wa hapa hapa Lamadi, aliyesomea ufundi umeme. Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Alikuja siku moja akanunua waya mwekundu mita moja. Kesho yake, mita moja. Keshokutwa, mita moja. Siku ya kumi na moja nikamuuliza, "Kaka, unafunga nyumba au unafunga ndoa?"

Akaniangalia bila kupepesa. "Nilikuwa nasubiri uulize."

Basi. Hiyo ndiyo hadithi yetu. Tatizo ni kwamba baba hakuwapenda watu wa ziwani. "Shamba lao halina mpaka," alikuwa akisema, "hata wenyewe hawajui limeishia wapi." Nilipompigia simu kumweleza habari za Josia, alikuwa tayari amevuta pumzi ya kukataa.

"Baba, siyo mvuvi. Ni fundi. Anatengeneza umeme."

"Umeme wa nini? Wa jua? Hata Method anao."

"Wa wimbi, baba."

Nikadhani mtandao umekata.

"Wimbi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa. "Wimbi hili hili?"

"Hili hili, baba."

"Ee Mungu wangu," akasema taratibu. "Method asubiri kwanza. Nakuja kumuona huyo kijana."

Nilirukaruka dukani mpaka balbu mbili zikaanguka. Sikujua. Ile nafaka ya uji, watu wa kwetu wote huiita ulezi. Lakini baba aliishi Tarime ujanani, akarudi na vitu viwili: redio isiyoshika stesheni, na neno la huko. Nyumbani kwetu hakuna ulezi. Kuna uji wa wimbi, shamba la wimbi, na hotuba ndefu za baba kuhusu wimbi, nafaka inayodharauliwa na watu wa pamba.

Siku ya tatu mama akanipigia. "Milembe, baba yako ametenga eka nzima ya pamba apande wimbi. Anasema mkwe wake atalihitaji."

Hapo nikaelewa. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo kabisa, nikasema, "Msalimie."

Sasa baba alikuwa mbele yangu, na hakuwa na sura ya mtu wa kukataa. Alikuwa anang'aa.

"Mwadila, baba. Shikamoo," Josia akasalimu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, ameinama kidogo, mikono yake yenye grisi ameificha nyuma.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Mwanangu! Niliona shingo ya Method ikirefuka.

"Method, hebu fungua buti."

Buti likafunguliwa, kikatoka kiroba kilichojaa, kimeshonwa mdomo kwa uzi wa katani. Baba alikibeba mwenyewe, akakitua miguuni pa Josia, akafuta jasho.

"La kuanzia hilo. Nimelipeta kwa mikono yangu, hutapata jiwe hata moja. Haya, mashine iko wapi? Linaingilia wapi?"

Josia alitazama kiroba. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama mawingu.

"Mashine iko majini, baba," akasema kwa uangalifu.

"Majini!" Baba akampiga shangazi begani. "Linalowekwa kwanza lilainike! Anyesi, nilikwambia nini? Nilikwambia lazima linalowekwa!"

"Ulisema," shangazi akakubali.

Ningeweza kufa hapo hapo, na ingekuwa heri. Method alishuka kwenye jiwe lake. Kwa ajili ya jambo lile alikuwa tayari hata kuchafua viatu.

"Mzee," akasema kwa sauti ya ofisini, "nadhani hukuelezwa vizuri. Wimbi analosema huyu bwana siyo ulezi. Ni lile pale." Akanyoosha kidole ziwani. Wimbi likaja, likajikunja, likamwagika mchangani kama vile limeitwa jina.

Baba alilitazama. Likaja la pili, akalitazama nalo.

"Maji?"

"Maji, mzee."

"Milembe."

"Baba."

"Ulijua mimi nazungumzia hili?" Akagusa kiroba kwa ncha ya kiatu.

"Siku ile ya simu sikujua."

"Ukajua lini?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, umeshavaa na viatu. Nikaushusha. "Siku ya tatu."

Hakupayuka. Laiti angepayuka. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Jirani yetu Mahona aliniuliza kanisani," akasema. "Mbele za watu. Aliuliza, Machibya, hivi ni kweli? Nikamwambia mkwe wangu anawasha taa kwa wimbi. Nilisimama, Milembe. Nilisimama kabisa ndiyo nikasema." Akavaa kofia yake. "Anyesi, ingia kwenye gari. Method, Jumapili ijayo njoo na wazee wako. Nimemaliza."

Josia alinishika kiwiko, akanivuta mpaka nyuma ya nyavu zilizoanikwa.

"Hukuniambia," akasema.

"Ungefanya nini?"

"Ningempigia simu mwenyewe. Ningemwambia, baba, ni maji."

"Angekata simu!"

"Angekata, na mimi ningepiga tena." Macho yake yalikuwa mekundu. "Milembe, mimi sitaki kupewa mke kwa sababu mtu amesikia vibaya. Siku atakayosikia vizuri atakuja kumchukua. Ndiyo hii leo, unaona?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Wewe unayenitania mbele ya wateja?"

"Niliogopa kwa sababu utani wote ule ni wa kuficha." Nikaushika wavu kwa mikono miwili. "Siwezi, Josia. Siwezi kuishi maisha yangu yote na mtu anayerudia mzaha mmoja mara saba. Siwezi kuamka asubuhi nisione hilo jino lako bovu."

Jino likachungulia, kidogo tu.

"Siyo bovu. Limemeguka."

"Mwambie baba, basi. Mimi haniamini tena."

Alinitazama mtazamo ambao nikiuelezea mtasema naongeza chumvi. Kisha akatoka nyuma ya nyavu na kutembea moja kwa moja mpaka kwenye gari, ambako baba alikuwa ameshaingiza mguu mmoja.

"Baba, umetoka Sola mpaka hapa na mzigo. Usirudi hujaona taa."

"Nimeshaona maji. Yananitosha."

"Umewaambia watu kanisani kwamba mkwe wako anawasha taa kwa wimbi. Jina ni hilo hilo. Mimi naomba uone kama na mimi nimesimama au nimeanguka."

Mguu wa baba ukabaki hapo mlangoni, haujaingia, haujatoka.

"Ni betri hiyo, mzee," Method akasema. "Wanachaji mjini, wanakuja kuwaonyesha watu."

"Betri hata mimi ninayo," baba akasema. "Iko kwenye redio."

Josia aliingia bandani, akachomoa nyaya mbili, akatoka amebeba betri kubwa ya gari. Akaiweka juu ya boneti ya lile gari jeupe, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Kaka Method, nitunzie. Usimpe mtu."

Shangazi Anyesi akashuka kwenye gari bila kuulizwa. "Mimi nataka kuona," akasema. Na shangazi akitaka kuona, baba naye huona.

Bandani mlikuwa na giza la nyavu na madirisha ya maturubai. Balbu moja ilining'inia katikati. Josia aliunganisha nyaya zinazotoka ziwani moja kwa moja, bila betri, akarudi nyuma.

Balbu ikawaka. Ikafifia mpaka ikabaki uzi mwekundu. Ikawaka tena.

"Inapumua!" shangazi akasema.

"Inafuata wimbi, shangazi. Pipa likinyanyuka inawaka, likishuka inapungua."

"Mbona inakonyeza?" Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Unaikonyeza wewe. Una swichi mfukoni."

"Nikague, baba."

"Anyesi, mkague."

Shangazi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mfuko wa kushoto ulitoa bisibisi na pipi. Wa kulia ulitoa waya mwekundu, mita moja, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi, haujawahi kutumika.

"Swichi hiyo!" baba akasema.

"Siyo swichi." Josia aliinamisha kichwa. "Ni waya tu, baba. Ni ile mita ya siku ya kwanza dukani kwa Milembe. Zile kumi nyingine nimezifungia mashine. Hiyo sikuweza kuikata."

Shangazi aliukunja ule waya upya, akaurudisha mfukoni mwa Josia, akampigapiga pale mfukoni.

"Machibya," akasema, "huyu hana swichi."

Baba alitoka nje, tukamfuata. Alisimama ufukweni akilitazama pipa la bluu lililokuwa likipanda na kushuka, mbali kidogo, hatua kama thelathini hivi. Lilishikwa na mkono wa chuma, mkono umefungwa kwenye nguzo, na juu ya nguzo cheni ya bodaboda ilikuwa ikizungusha gurudumu zito na dainamo. Nilishawahi kumwambia Josia kwamba mashine yake inafanana na pikipiki iliyojaribu kujiua. Siku ile niliitazama kama kanisa.

"Nikilizuia lile pipa," baba akauliza, "taa inazimika?"

"Inazimika, baba."

Akavua koti, akamkabidhi Method. Akavua kofia, akamkabidhi Method. Viatu, akamkabidhi Method. Baba yangu hajawahi kuingia kwenye maji yasiyokuwa kwenye karai. Watu wa Sola maji tunayafuata kisimani, hatuyaingii.

"Mzee, maji ni hatari," Method akasema nyuma ya mzigo wake.

"Shika hilo koti vizuri, lisiguse chini."

Akakunja suruali, akaingia. Josia alimshika mkono. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, na kila wimbi lilipokuja baba alilisema kwa Kisukuma maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana kitabu hiki huenda kikasomwa na mama. Walifika. Baba akalishika pipa kama anavyoshika ng'ombe mkaidi pembeni mwa zizi, akalilalia kwa kifua.

"Anyesi! Imezimika?"

Shangazi alikuwa bandani, macho kwenye balbu. "Imezimika!"

Akaliachia. "Sasa?"

"Imewaka!"

Akalilalia tena. "Sasa?"

"Imezimika!"

"Sasa?"

"Machibya, imewaka! Imewaka!"

Alifanya hivyo mara sita. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu jirani wakasimama. Akinamama waliokuwa wakianika dagaa wakaacha, wakaja karibu, na kila shangazi alipopiga kelele "Imewaka!" nao wakaitikia "Imewakaaa!" kama kwaya. Mara ya saba likaja wimbi kubwa. Baba alikuwa amelikumbatia pipa, hakuliachia. Wimbi likalinyanyua pipa, likamnyanyua na yeye, miguu ikaacha mchanga, akapanda juu akielea na shati lake jeupe la kanisani, cheni ikalia, gurudumu likavuma, na mle bandani shangazi akapiga vigelegele.

"Imewaka kuliko mwanzo! Milembe! Baba yako anawasha taa!"

Nililia. Niseme tu ukweli, nililia na kucheka kwa pamoja, na kamasi zilihusika.

Alirudi ufukweni akichuruzika, Josia pembeni yake. Alikohoa maji, akajikung'uta, akamgeukia Method aliyekuwa amebeba koti, kofia na viatu kama kabati.

"Method, baba, ile sola yako usiku inafanyaje kazi?"

"Usiku... inatumia betri, mzee."

"Ahaa," baba akasema. "Betri." Akamgeukia Josia. "Na hili ziwa lako, linalala?"

Nilimkanyaga Josia mguu aseme hapana. Hakusema hapana.

"Kuna saa linatulia kabisa, baba. Asubuhi nyingine linakuwa kama sahani. Mashine inasimama. Ndiyo maana na mimi nina betri. Na kwa sasa inatosha taa za banda hili na kazi ndogo ndogo tu. Nataka kuongeza mapipa, lakini bado."

Baba alikamua maji kwenye mkono wa shati. Kisha akanitazama mimi.

"Unamsikia? Huyu ameniambia ukweli ambao hata sikumuuliza."

"Namsikia, baba."

"Jifunze kwake."

"Nitajifunza kila siku, baba," nikasema, "ukinipa nafasi ya kukaa naye karibu."

Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Baba alijitahidi kukunja uso, lakini uso ulikuwa umelowa, haukukunjika vizuri.

"Nasikia njaa," akasema. "Na hilo wimbi langu silirudishi Sola. Mna kinu?"

"Tuna kizuri zaidi," Josia akasema.

Akaichukua betri yake kwenye boneti, akamshukuru Method kwa ulinzi, akaiunganisha na mashine ndogo ya kusagia karanga anayotumia mama yake. Shangazi alikata uzi wa kiroba, akamimina viganja viwili. Mashine ikanguruma. Unga ukatoka, laini, wa rangi ya udongo baada ya mvua. Baba aliuchota kwa vidole, akaunusa, akaufumba kiganjani.

"Ziwa ndilo limesaga huu?"

"Mawimbi ya tangu juzi, baba."

"Wimbi limesaga wimbi," shangazi akasema, akatingisha kichwa. "Na Machibya alijua tangu mwanzo kwamba linalowekwa."

Uji ulipoiva, baba alikunywa wa kwanza, amejifunga khanga ya shangazi huku shati likikauka juu ya nyavu. Method alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka viatu vya baba. Akaviweka kwenye lile jiwe lake, akaaga kwa adabu, na niseme haki, akamtakia Josia heri kwa kumpa mkono ulionyooka. Gari likapanda njia ya mchanga. Katikati likakwama. Wavuvi wakalisukuma.

"Josia," baba akaita.

"Naam, baba."

"Wazee wako wanaijua njia ya Sola?"

Josia alipiga magoti mchangani, hakusubiri hata kutafuta mahali pakavu. "Wasipoijua nitawabeba."

"Waje baada ya mavuno. Ile eka yangu itakuwa tayari, hawatakosa uji." Akakitazama kikombe. "Na binti yangu ana ulimi. Nakuonya mapema, usije ukasema na wewe ulisikia vibaya."

"Nilimsikia vizuri, baba. Kwa siku kumi na moja."

Tulipoingia kukaa bandani, mkono wa Josia ulinitafuta chini ya meza, ukanipata. Ulinuka grisi na unga. Nimeshika mikono misafi zaidi ya ule, lakini sikumbuki ya nani.

Simu ya baba ikaita. Shangazi alikuwa ameitunza kifuani isilowe. Baba aliipokea kwa sauti ile ya watu wanaoamini simu inafika mbali kwa kelele.

"Ee, Mahona! ... Ndiyo, niko huku huku. ... Nimeuona! Nimeuona kwa macho yangu, Mahona, na nimeuwasha kwa kifua changu! ... Ee. Umeme wa wimbi."

Akasikiliza. Nje, pipa la bluu lilipanda, na balbu juu ya kichwa chake ikang'aa.

"Wimbi lipi?" Baba alinitazama moja kwa moja, jicho moja likakonyeza kama ile balbu. Akainua kikombe cha uji. "Mahona, na wewe! Wimbi hili hili."